Maswali ya wasomaji: Jenereta tunalo, sasa mbona seva zilizima?

Barua za vyumba vya seva safari hii zimekuwa nyingi kuliko zote, nyingine ndefu mpaka nikazisoma mara mbili, na karibu zote zina kilio kimoja: jenereta tunalo, UPS (ile mashine yenye betri inayoshikilia umeme ukikatika) tunayo, tumetumia hela nyingi, sasa mbona mfumo ulizima? Nimechukua nne. Majina ya watu na ofisi nimeyaacha.

"Shikamoo dada. Mimi ni afisa TEHAMA wa SACCOS moja hapa Mwanza. Saivi kila kitu chetu kiko kwenye mfumo, mikopo, akiba, hadi wanaotoa hela kwa simu. Bodi imekubali tujenge chumba cha seva cha maana kwenye jengo jipya, raki mbili (makabati ya kupangia seva), na mimi ndo nimeambiwa niandike mahitaji. Mwenyekiti anasema tununue jenereta kubwa na AC mbili, mambo yameisha. Nianzie wapi? Nikikosea lawama zote zangu." Msomaji, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Hilo la lawama nakuelewa kabisa, ndo maana nakujibu kwa urefu.

Usianze na jenereta. Anza na meneja wako, kaa naye umuulize maswali mawili na majibu yake uyaandike asaini. La kwanza, mfumo ukizima saa nne asubuhi siku ya mshahara tunaweza kuvumilia mpaka saa ngapi kabla wanachama hawajafurika kaunta? La pili, ikitokea tumepoteza data tunakubali kupoteza ya muda gani, ya siku nzima, ya saa moja, au hata muamala mmoja hatutaki? Majibu yakija ndo unajua unajenga nini. Mtu akikuambia anataka asilimia 99.9 mwambie hiyo kwa mwaka ni karibu saa 9 za mfumo kuwa chini, 99.99 ni kama dakika 53, na kutoka hiyo ya kwanza kwenda ya pili gharama inapanda sana maana unaanza kununua kila kitu viwili viwili.

Halafu pima. Usiandike mzigo kwa kubahatisha wala kwa kusoma lebo ya nyuma ya seva, ile lebo inaonyesha uwezo wa juu wa paua saplai, kile kifaa kinachoilisha seva umeme, siyo inachokula kila siku. Mwite fundi umeme aweke klampu mita, kile kipimo kinachobana waya bila kuukata, kwenye waya unaolisha seva mlizonazo sasa, apime asubuhi kazi ikiwa imepamba moto na apime tena usiku bekapu ikikimbia, halafu ongeza nafasi ya miaka mitano ijayo. Tuseme umepata kilowati 6, hiyo 6 ndo itakuongoza kwenye kila kitu.

Joto kwanza. Umeme wote unaoingia kwenye seva unatoka kama joto, na kilowati 1 ni BTU 3,412 kwa saa, BTU ndo kipimo kinachoandikwa kwenye AC, kwa hiyo 6 ni karibu BTU 20,500, na hapo hujahesabu joto la UPS wala ukuta unaopigwa na jua la mchana. AC moja ya 24,000 inabeba kwa kubanana. Mwenyekiti kusema AC mbili yuko sahihi, ila moja ikitoka zinazobaki ziweze kubeba chumba chote, yaani mbili za 24,000 au tatu za 18,000, kwa sababu ile ya ziada ndo inakupa nafasi ya kumwita fundi aje aoshe moja saa sita mchana bila kuzima kitu. Ukiweka mbili za 12,000, kwa macho unazo mbili lakini siku moja ikifa umebaki na nusu ya ubaridi, na chumba kidogo kama hicho kinachemka ndani ya dakika chache tu.

Kuna kitu kidogo hapa kinachoua vyumba vingi. Umeme ukikata na kurudi, AC nyingine hazijiwashi zenyewe, zinalala pale zikisubiri mtu abonyeze rimoti. Jenereta linaunguruma nje, seva zinafanya kazi, taa zinawaka, na chumba kinapanda nyuzi 30, 35, 40, usiku wa manane hakuna mtu. Siku ya kukabidhiwa zima meni swichi kwa mkono wako, iwashe, kaa humo ndani dakika tano uone kama AC zimerudi, usikubali kuambiwa tu. Na wala hamna haja ya kugandisha chumba mpaka watu wavae makoti, hewa inayoingia mbele ya seva ikiwa kati ya nyuzi 18 na 27 inatosha, ndo kiwango kinachopendekezwa na ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na ubaridi cha Marekani, chini ya hapo unateketeza luku bure. Raki zote mbili ziangalie upande mmoja ili hewa ya moto ya nyuma isirudi mbele, na nafasi tupu za raki uzizibe.

Sasa jenereta. Kilowati 6 za seva, weka AC mbili, weka kinachopotea kwenye UPS na kuchaji betri, weka taa, unafika 12 au 13. Majenereta yanauzwa kwa kVA, zidisha kwa 0.8 upate kilowati, kwa hiyo la kVA 20 linakupa 16 na linahimili kile kishindo cha kompresa zinapowaka. Hilo kubwa analolitaka mwenyekiti, tuseme la kVA 100, litakuwa linakimbia na mzigo mdogo mno, dizeli haiungui yote, masizi na mafuta yanajaa kwenye eksozi na baada ya muda injini inachoka. Mwambie kwa heshima kwamba tofauti ya bei hiyo iende kwenye tenki. La kVA 20 kwa mzigo huo linakunywa kama lita 4 kwa saa, siku tatu ni lita 300 hivi, je tenki lako ni la ngapi na Jumapili usiku nani anakuletea dizeli?

Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York kulikuwa na jengo la mitambo pale Manhattan ambalo jenereta lake lilikuwa juu ghorofani, salama kabisa, ila pampu ya dizeli ilikuwa chini besimenti na maji yakaifunika. Watu wakapanga mstari kwenye ngazi wakipandisha dizeli kwa ndoo mpaka ghorofa ya 17, usiku na mchana. Kwa hiyo ukichora jenereta chora na njia yote ya mafuta, kuanzia gari linapopaki mpaka kwenye injini. Kila mwezi liwashwe nusu saa au zaidi likiwa limebeba mzigo wa kweli, kuliwasha likaunguruma tupu hakukuambii kitu. Na chota dizeli ya chini kabisa ya tenki uweke kwenye chupa tupu, safi, inayoonyesha ndani, iache itulie kwa muda, ukiona mstari umejitenga pale chini ujue hayo ni maji.

Nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Niliwahi kuitwa ofisi moja, wana UPS mbili mpya, seva nzuri zenye paua saplai mbili mbili, kila kitu pea, na bado mfumo wote ulizima mchana kweupe. Nikapiga magoti nyuma ya raki, tochi ya simu nimeishika mkono mmoja, mkono wa pili nafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Waya wa kushoto wa seva ya kwanza ukashuka, ukapita nyuma ya mguu wa raki, ukaingia kwenye eksitensheni nyeupe ya matundu sita. Waya wa kulia ukashuka upande wa pili, ukazunguka, ukaingia kwenye eksitensheni ileile, tundu la jirani. Seva zote zilikuwa hivyo. UPS ya pili ilikuwa inawaka taa ya kijani, mzigo sifuri, tangu siku ilipofungwa. Kilichoungua ni fyuzi ya plagi ya ile eksitensheni. Iliniuma kwa sababu wale watu walikuwa wamelipa hela yote iliyotakiwa.

Kwa hiyo kwenye mchoro wako chukua kalamu nyekundu na ya bluu. Kila seva ipate njia nyekundu na njia ya bluu, kila njia na soketi yake, UPS yake, breka yake. Kila UPS siku za kawaida isizidi kama asilimia 40 ya uwezo wake, maana moja ikifa iliyobaki inabeba wote, zikiwa zote kwenye 70 inayobaki inatakiwa ibebe 140 na inaanguka hapohapo. Ukifika mahali nyekundu na bluu zinakutana, na lazima utafika, kwa mfano kwenye chenjiova, ile swichi inayohamisha jengo kutoka umeme wa kawaida kwenda jenereta, pazungushie duara, mpelekee mwenyekiti, muamue pamoja kama mnaikubali hiyo hatari au mnalipa kuiondoa. Kwa SACCOS mimi ningekubali chenjiova moja, ilimradi iwe na swichi ya kuipita kwa mkono wakati wa matengenezo.

Na wewe uko Mwanza kwa hiyo radi usiiache mwishoni. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye ngurumo na radi nyingi sana duniani, halafu mji wenu umekaa juu ya mawe, fundi anagonga ethi rodi, ile fimbo ya chuma ya kupeleka umeme wa radi ardhini, inaingia futi mbili inagota kwenye mwamba. Asiye mwaminifu anakata kinachobaki kwa grainda, anafukia, anakuambia tayari. Dai apime mbele yako kwa mita ya ethi, lenga chini ya ohmu 5, mwamba ukikataa wachimbe mtaro mrefu wazike waya wa shaba pale penye udongo. Ethi zote za jengo, ya umeme, ya mnara na ya raki, ziunganishwe pamoja, kwa sababu zikiwa mbalimbali radi ikipiga kila moja inakuwa na volti yake na ile tofauti inapita ndani ya seva. Weka kinga ya radi kwenye bodi kuu ya umeme, na kutoka jengo la zamani kwenda jipya pitisha faiba badala ya waya wa shaba.

"Habari yako dada. Tuna kampuni ya kliaringi hapa Mombasa, seva zetu mbili ziko ofisini chini ya ngazi na stima ikipotea tunateseka. Kuna watu wametuletea ofa tupeleke seva kwao Nairobi, wanasema wao ni Tier III. Nitajuaje ni ya ukweli? Na tuko na intaneti ya kampuni mbili tofauti, si hiyo inatosha?" Msomaji, Mombasa

Salama ndugu yangu. Kutoa seva chini ya ngazi nakuunga mkono, hapo pwani chumvi ya hewani peke yake inakula mitambo, sijui hiyo ngazi na maji ya kudeki.

Tier ni madaraja ya Uptime Institute ya Marekani, yako manne. La tatu maana yake ni kwamba kila kifaa na kila njia ya umeme na ubaridi inaweza kuzimwa kwa matengenezo na seva za wateja zisijue, la nne linaongeza kwamba hata kitu kikiharibika ghafla bado hazijui. Wauzaji watakutajia asilimia 99.982, yaani kama saa 1.6 za kuwa chini kwa mwaka, lakini wewe usiongozwe na hiyo namba, uliza cheti. Na uliza ni cheti kipi maana kuna cha michoro na kuna cha jengo lililokwisha kujengwa, ni vitu viwili tofauti, kuna mtu ana cha michoro tu halafu wakati wa kujenga bajeti ikakaza akapunguza mtambo. Mtu akikwambia sisi ni kama Tier III, au tumejenga kwa kufuata Tier III, hiyo hana cheti, ila haimaanishi ni pabaya, inamaanisha ukajionee mwenyewe.

Ukienda omba daftari la majaribio ya jenereta la mwaka mzima. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu Kenya nzima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA pale Nairobi ukaingia giza, na serikali yenyewe ikasema kuna jenereta lililokataa kuwaka. Uwanja wa ndege huo. Kwa hiyo muulize yule anayekutembeza, siku ile nyinyi ilikuwaje, jenereta liliwaka baada ya sekunde ngapi, mlikaa kwenye dizeli saa ngapi? Mtu wa mitambo atakujibu hapohapo kwa dakika na lita, maana siku kama hiyo fundi haisahau.

Hiyo ya kampuni mbili za intaneti ndo inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mkihamia Nairobi intaneti ndo itakuwa uhai wenu. Seva zitakuwa nzima kabisa huko na nyinyi Mombasa mmekaa mnaangalia skrini. Kampuni mbili si lazima ziwe njia mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kuelekea Afrika Kusini, Tanzania ikaumia sana na huko kwenu pia spidi ikashuka, na kuna ofisi zilikuwa zinalipia watoa huduma wawili, wote wawili wakapotea siku moja kwa sababu wote walikuwa wanapita kwenye nyaya hizohizo. Nchi kavu ndo balaa zaidi. Toka nje ya ofisi yako sasa hivi uangalie juu, kama faiba zote mbili zinatoka kwenye nguzo moja basi lori moja linatosha kuwakata. Waandikie wote wawili wakupe ramani ya njia kutoka ofisini kwako mpaka kwenye hilo jengo la Nairobi, zilinganishe. Zikifanana, badilisha mmoja uchukue wa mawasiliano ya redio au wa setilaiti, hata kama spidi ni ndogo, dokumenti za bandarini zitapita.

"Dada, betri za UPS yetu zina miaka mitano, skrini inaonyesha chaji asilimia 100. Bosi anasema tusitupe hela. Au tuhamie lithiamu?" Msomaji, Dodoma

Zibadilisheni. Hiyo 100 inakwambia zimejaa, haikwambii zinabeba kiasi gani, ni kama ndoo iliyojaa mawe nusu, inaonekana imejaa maji. Betri za risasi zilizozibwa za kwenye UPS kwa kawaida zinadumu miaka 3 hadi 5 zikikaa kwenye nyuzi 25, na kila joto likipanda kama nyuzi 10 umri unakatika nusu, kwa hiyo kama zimekaa stoo isiyo na AC zilishakwisha zamani. Zimeungwa kwa mnyororo, moja ikifa mnyororo wote umekufa, kwa hiyo badilisheni zote kwa pamoja, msichanganye mpya na za zamani. Bosi akibisha, Jumamosi kazi zikiwa zimeisha zima seva vizuri, weka mzigo mwingine unaolingana, chomoa UPS ukutani huku yeye ameshika saa.

Lithiamu zinadumu zaidi, ni kweli, lakini zisikae chumba kimoja na seva. Tarehe 26 Septemba 2025 pale Daejeon, Korea Kusini, kituo cha data cha serikali kilishika moto kwenye betri za lithiamu wakati mafundi wakiwa kwenye kazi ya kuzihamisha kutoka chumba cha seva, mifumo 709 ya serikali ikazima. Mkihamia lithiamu wekeni ukuta wa kuzuia moto katikati na mjue nani anazima nini moto ukianza.

"Shikamoo dada. Nipo hospitali moja Tanga. Bekapu yetu inakwenda kila usiku kwenye seva ya pili, raki ya jirani. Tumejengewa chumba kizuri, mtungi wa kuzimia moto upo. Tuko salama?" Msomaji, Tanga

Marahaba. Chumba mnacho, bekapu bado.

Palepale Daejeon kulikuwa na hifadhi ya faili za watumishi wa umma, terabaiti 858, ikaungua yote na haikuwa na nakala nje, kazi za watu za miaka. Na kabla ya hapo, 10 Machi 2021, Strasbourg kule Ufaransa, jengo la OVHcloud liliteketea lote na la jirani likaungua sehemu, na wapo wateja waliokuwa wamelipia bekapu wakakuta bekapu ilikuwa kwenye eneo hilohilo. Wamelipa, wameahidiwa, halafu data na nakala vimeungua usiku mmoja. Raki ya jirani yako inapumua moshi uleule, inanyeshewa na bomba lilelile na inapigwa na radi ileile.

Kwa hospitali ninaumia zaidi kwa sababu huyo aliye kwenye mfumo ni mgonjwa, kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru, dozi ya mwisho aliyopewa. Kwa hiyo nakala moja ibaki hapohapo kwa ajili ya kurudisha haraka, nyingine itoke nje ya Tanga kabisa kupitia intaneti ikiwa imefungwa kwa nywila, na ya tatu iwe kwenye diski inayochomolewa, haijaunganishwa na kitu, maana virusi wanaofunga mafaili na kudai hela wakiingia wanafuata kila kilichounganishwa. Kabla haijatoka nje ongeeni na mwanasheria wenu, tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi na taarifa za afya ni kati ya zinazolindwa zaidi, hasa kama seva inayopokea iko nchi nyingine.

Halafu andaeni makaratasi. Kila wodi iwe na boksi la fomu tupu, kalamu na orodha ya wagonjwa iliyoprintiwa asubuhi, ili mfumo ukilala nesi asisimame katikati ya wodi hajui aanzie wapi.

Na nina swali moja kwako, kati ya wewe na wenzako nani amewahi kurudisha data kutoka kwenye hiyo bekapu? Chukueni kompyuta isiyo na kitu, muweke nakala ya jana usiku, mfungue faili la mgonjwa mmoja aliyelazwa jana mwone kama vipimo vyake vyote vimo. Ukimaliza niandikie imechukua saa ngapi na mlikwama wapi, nitakujibu toleo lijalo.